Mama Tafroza Hakwenda Likizo

Aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa na sauti nzuri, na kipaza sauti cha kukodi hakikukatika hata mara moja, kwa hiyo hakuna aliyekaa chini ya yale mahema ya Shinyalu anayeweza kudai hakusikia. Alisoma kwamba Mama Tafroza alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akalima chai na mahindi, akaimba kwaya mpaka sauti ilipomwacha. Kisha akasoma: “Kukhu alipenda kusafiri. Enzi zile majirani wengi walikuwa hawajafika hata Kisumu, yeye alikuwa ameshakwenda likizo kisiwani na kuona bahari.” Watu wakacheka kwa upole, kama tunavyocheka matangani tukipewa nafasi. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akamnong’oneza mwenzake kwamba kumbe mama huyu alistarehe sana. Mimi sikucheka. Kanisani nimefundisha watoto miaka mingi kwamba hasira ni mgeni wa kusimamishwa nje ya mlango, asikaribishwe kiti. Siku hiyo, Mungu ananijua, mgeni huyo aliingia na akakaa. Likizo? Msomaji mwenyewe hakuwa na kosa. Ni mjukuu wake, mwanamume mwenye watoto, ingawa kwangu bado ni kijana, na wiki chache kabla ya msiba alikuwa amerudi kutoka pwani na wenzake wa kazini, safari ya bei nafuu waliyochangishana, na picha za mchanga mweupe alikuwa amemwonyesha kila mtu. Alisikia utotoni kwamba bibi yake, kukhu kwa lugha yetu, aliwahi kuona bahari, akajaza mengine mwenyewe. Jina la mjukuu huyo ni Ainea. Nitaeleza alivyolipata jina hilo, kwa sababu katika wote walioketi pale, waliojua safari ile ilivyokuwa tulikuwa mimi na yule aliyelala kwenye jeneza.

Mwaka wa safari hiyo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mwalimu wa shule ya msingi asiye na cheti bado, na mwalimu wa watoto siku ya Jumapili. Mama Tafroza alikuwa jirani yetu ng’ambo ya kijito. Mwanawe wa kwanza, Ainea wa wakati huo, alikuwa fundi wa kuezeka. Alijifunza kazi kwenye nyumba za nyasi za huku kwetu, kisha akafuata wenzake pwani, kwa kuwa huko walikuwa wanajenga nyumba za wageni za makuti na mafundi walitafutwa. Habari ya kifo chake ililetwa kwa mdomo na mwenzake aliyerudi Mayoni: Ainea alianguka kutoka paani, akafa palepale, wakamzika siku hiyohiyo mchangani, nyuma ya vibanda vyao vya kulala, chini ya miti ya mivinje. Msimamizi wa ujenzi aliahidi kuwapasha habari wenye mtoto. Hakuwapasha. Mama Tafroza alilia siku zile alizopaswa kulia, kisha akaacha, akaanza kukaa kimya mlangoni akitazama kiwanja nyuma ya nyumba, chini kidogo ya migomba, pale ambapo mwanawe alipaswa kuwa. Na kulikuwa na jambo jingine. Binti yake Konsolata alikuwa na mimba, na kila mtu katika boma lile alikuwa ameshakubaliana moyoni kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa Ainea. Lakini kwao, mtu aliyezikwa ugenini hapewi mtoto jina lake mpaka aletwe nyumbani. Kama mwili hauwezekani, basi udongo wa kaburi lake, uzikwe kwa nyimbo kama mtu. Mtoto akipewa jina kabla ya hapo, walisema, hulia mchana na usiku na hakuna wa kumnyamazisha.

Mama Tafroza alipoamua kwenda kuuleta udongo huo, mchungaji wetu wa wakati huo alikataa hata kuwaombea wasafiri. Alisema udongo hauna roho, na kwamba Mkristo anayesafiri kufuata udongo amerudi gizani. Nilimheshimu, na sikumjibu, kwa kuwa msichana hakumjibu mchungaji. Lakini nilikuwa nimewafundisha watoto mwezi uleule habari za Naamani, yule jemadari wa Shamu, aliyeponywa ukoma kisha akaomba apewe udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, aende nao kwao. Nabii hakumkemea. Alimwambia aende kwa amani. Na Yusufu je, aliyewaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri? Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimekaa kwenye baraza la wazee wa kanisa na wachungaji wema, na mpaka leo sijapata wa kunieleza kwa nini Naamani aliruhusiwa na Mama Tafroza akakatazwa.

Alinichagua mimi twende naye kwa sababu yeye alijua lugha ya nyumbani tu na Kiswahili cha sokoni, cha kuuliza bei na kuitikia salamu. Alibeba kikapu chenye unga wa mahindi, jembe dogo la palizi lisilo na mpini, mfuko alioushona kutokana na shati la shule la Ainea, na kuku. Kuku mzima, jogoo mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Nilimwambia safari ni ya siku mbili, jogoo atatusumbua. Akanitazama kama mtoto asiyejua kunawa mikono. “Mwalimu,” akasema, “mtu haendi mikono mitupu kuomba apewe mwanawe.” Basi jogoo akasafiri. Alipewa maji kwenye kifuniko cha chupa kila basi liliposimama, na alipowika karibu na Voi abiria wakamwitikia. Jina la kisiwa silitaji, kwa kuwa ile hoteli aliyoiezeka Ainea ingali ipo na imebadilisha wenyewe, na sitaki walioko leo wabebe ya waliokuwapo jana. Itoshe kusema tulivuka kwa boti ya injini iliyojaa kreti za soda, na kwamba Mama Tafroza, aliyekuwa hajaona maji mengi kuliko mto Yala, aliitazama bahari muda mrefu kisha akaniuliza nani anayeyateka maji yote yale.

Tulipokewa na Bi Mwanaisha, mjane aliyekuwa akiwapikia mafundi wakati wa ujenzi. Ainea alikula kwake mwaka mzima. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, yenye kuta nene na baridi ya kupendeza, na chumba alichotukodisha kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi wa maji, na tundu la dirisha lililotazama uani. Alipojua sisi ni nani aliketi chini kabisa, akashika miguu ya Mama Tafroza, wakalia pamoja, huyu kwa lugha yake na yule kwa yake. Alisema Ainea alikuwa akicheka chakula chake, akidai wali ni chakula cha ndege, na kwamba alimfundisha Bi Mwanaisha kusonga obusuma, ugali wetu mgumu, mpaka mwiko unavunjika. Jioni ile alipika samaki wa nazi. Mama Tafroza akasonga ugali kwa unga wetu, na wanawake wale wawili wakala sinia moja bila lugha ya kuzungumza. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, za maaskofu na za harusi, na ninapoomba baraka ya chakula ni sinia lile ninaloliona. Tuliuliza kwa nini hakuzikwa makaburini pamoja na watu wa mji. Bi Mwanaisha alisema wazee wa pale walikuwa tayari kutafuta mahali panapomfaa mgeni. “Maiti ya mgeni ni maiti yetu,” alisema. Lakini msimamizi alitaka jambo limalizike kabla ya mchana, wenye mali wasilione, kazi isisimame. Kesho yake kazi haikusimama.

Juu ya dari ya nyumba ile walilala wageni wawili kutoka Ulaya, vijana wa mikoba mgongoni. Asubuhi walikunywa chai uani, karibu na dirisha letu, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu nilielewa Kiingereza chao. Walikuwa wakisifu kisiwa. Walisema wamezunguka pwani nzima na hapa ndipo penye bei rahisi kuliko kote, na kwamba usiku yule kijana wa kiume alikuwa amekubaliana na mama mwenye nyumba awapunguzie bei tena. Kisha yule msichana akasema anapapenda hapa kwa sababu hakuna watu. Bi Mwanaisha alikuwa amesimama juu yake akimmiminia chai. Mimi na Mama Tafroza tulikuwa dirishani. Muadhini alikuwa ametoka kuadhini na watoto walikuwa wakienda chuo cha Kurani na mbao zao. Hakuna watu. Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi baadaye, hata kwa wageni wanaokuja kutazama nyani msitu wa Buyangu, na kila mara huwa kuna mtu amesimama hapohapo ameshika birika.

Hoteli ilikuwa imezungushiwa ua wa makuti kutoka barabarani mpaka kwenye maji, na mlango wake mkubwa ulikuwa na askari mwenye rungu. Tulifika jua likiwa limepanda. Nikasalimia, nikaeleza taratibu, kama nilivyofundishwa kuzungumza na wakubwa: huyu ni mama wa fundi aliyekufa akijenga nyumba hizi, amezikwa chini ya ile mivinje, tunaomba dakika chache tu tuchukue udongo kidogo. Wakati naongea, Mama Tafroza alimnyoshea askari jogoo. Askari alimpokea bila kufikiri, akambonyeza kifuani kwa kidole gumba kupima nyama, kisha akamrudisha haraka kana kwamba amemuunguza. “Hapa watu wa kawaida hawaingiangi,” akasema. Nikarudia. Akasema hapo ni mahali pa raha, wageni wamelipa, hawataki habari za makaburi. Bado tunazungumza wakapita wale vijana wawili wa darini kwa Bi Mwanaisha, wamevaa kaptura na ndara, taulo begani. Hawakuwa wageni wa hoteli. Walilala nyumba moja na sisi, tena walilipa pungufu kuliko tulivyolipa sisi. Askari akawapigia saluti, akafungua, wakaenda zao kwenye maji. Nimesoma kwamba mlango wa ile bustani ya kwanza uliwekewa kerubi mwenye upanga wa moto kwa sababu ya dhambi. Nilisimama pale nikijiuliza sisi wawili tulikula tunda gani.

Kilichotufungulia mlango ni jogoo. Msimamizi wa hoteli, mtu mweusi kama mimi, shati jeupe limenyooshwa, alitoka kuangalia gari la mboga, akamwona jogoo akauliza kama ni wa kienyeji. Kabla sijajibu akamwambia askari awapeleke hawa wauza kuku jikoni, wageni wamechoka samaki. Basi tukaingia. Hili ndilo linalonikasirisha mpaka leo, naomba nilieleze vizuri. Tulikuja kama wafiwa, tukafungiwa. Tuliposadikiwa kuwa wachuuzi, tukakaribishwa. Mama wa mtu aliyeezeka paa lile hakuwa na njia ya kupita chini yake, ila kuku wake alikuwa nayo. Nilitaka kusahihisha, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Mama Tafroza akanibana mkono. Hakuwa ameelewa maneno, lakini alielewa lango.

Mlangoni pa jiko alimkabidhi mpishi jogoo. Mpishi akatoa pesa, naye akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba huyu si wa kuuza. Akageuka, akatembea moja kwa moja kuelekea mivinje, kikapu kichwani, askari akimfuata nyuma akisema mama, mama, si huko, mpaka gari la mboga likampigia honi akarudi mlangoni. Bi Mwanaisha alikuwa ametueleza alama: mvinje wenye shina lililogawanyika, hatua chache upande wa bahari. Msalaba wa mbao ulikuwa umeondolewa. Mahali pake palichimbiwa mwavuli wa makuti, na chini ya mwavuli kulikuwa na kitanda cha kujilaza, na juu ya kitanda mzee wa Kizungu mwenye mwili mwekundu alikuwa akisoma kitabu. Mama Tafroza akapiga magoti kando ya kitanda. Akatoa jembe. Akapiga mara moja, akaacha, akatazama alichokipata. Kwetu udongo ni mwekundu, ukiushika unashikika, ukiufinya unabaki na alama ya vidole vyako. Huu ulikuwa mweupe kama unga na ulimpita katikati ya vidole. Akanigeukia, na hapo tu, katika safari nzima, niliona anaogopa. “Mwalimu, udongo uko wapi? Huu haushikiki. Nitamshikaje?” Nikamwambia mama, hapa hakuna udongo mwingine, huu ndio uliompokea. Kisha akaanza kuchota kwa mikono, akitia kwenye mfuko wa shati. Mchanga mwingi ulikuwa chini ya kitanda. Yule mzee alishusha kitabu, akatuona, na akainua miguu yake yote miwili juu, kama mtu anayefagiliwa. Aliishikilia hewani kwa adabu mpaka mama alipomaliza. Kisha akaishusha, akaendelea kusoma. Simchukii. Alidhani sisi ni wafagiaji, na katika maisha yake wafagiaji pengine walikuwa hivyo. Lakini nimewahi kumwambia Mungu katika sala kwamba kuna miguu ambayo bado naiona.

Tulipofika mlangoni askari akatuzuia. Kila anayetoka upande wa jikoni alipekuliwa, ndiyo sheria. Akatoa unga uliobaki, akatoa jembe, akafika kwenye mfuko. Akasema mchanga wa hoteli hautolewi. Nikamwambia unajua huo ni nini, tumekueleza asubuhi. Akatazama nyuma kuona kama msimamizi yuko, kisha akaugeuza mfuko, akaumwaga, palepale kwenye njia, nje kidogo ya mlango.

Mama Tafroza hakupiga kelele. Nilitegemea ukemi, ule wa kwetu unaosikika mpaka kijiji cha pili, na ningeufurahia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kwa lugha ya nyumbani, maneno machache: “Mwanangu, umemmwaga ndugu yako. Na wewe ukifia hapa, nani atakuja kukuzoa?” Nilianza kutafsiri. Sikuhitaji. Uso wa askari ulikuwa umebadilika kabla sijafungua mdomo, na hapo nikakumbuka kile kidole gumba kwenye kifua cha jogoo, namna ya kwetu ya kupima kuku. Alikuwa mtu wa Likuyani, upande wa kwetu. Alikuwa ameelewa kila neno tangu asubuhi, hata tuliponong’onezana wenyewe kwa wenyewe, na alikuwa amejificha nyuma ya Kiswahili kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango akisikia jina lake linaitwa. Kisha akaweka rungu chini, akavua kofia ya kazi, ile yenye nembo, akapiga magoti njiani na kuuzoa mchanga kwa mikono miwili mpaka kofia ikajaa. Magari ya wageni yakasubiri. Aliumimina kwenye mfuko bila kumwaga, akaufunga mwenyewe, na akamwambia mama yule kwa lugha yetu, kichwa wazi, kwamba yeye ni wa ukoo fulani, na mama yake bado yu hai. Mama Tafroza akamwambia amsalimie. Hakumwambia zaidi ya hapo, na mimi niliyekuwa na hotuba nzima tayari, sikupata nafasi ya kuitoa.

Tulimzika Ainea nyuma ya nyumba, chini kidogo ya migomba, katika shimo dogo, kwa nyimbo zote. Mchungaji hakuja. Kina mama wa kwaya walikuja. Konsolata alijifungua kabla ya mavuno, mtoto wa kiume, na wanasema alilala usingizi kama mtu mzima. Mama Tafroza hakuwahi kulizungumza tena, wala Konsolata. Akiulizwa na wajukuu alisema tu kwamba aliona bahari, na kwamba maji yake hayanyweki.

Basi siku ya mazishi yake, wasifu ulipokwisha na kwaya ikaanza, nilimshika Ainea mkono nikamtoa chini ya hema, nikampeleka nyuma, ambako shimo lilikuwa limechimbwa, mahali Mama Tafroza alipopachagua mwenyewe. Vijana waliochimba walikuwa wameegemea koleo zao. Mmoja alinilalamikia kwamba upande ule uliwasumbua, ukuta ulikuwa ukibomoka, mtu fulani zamani alimwaga mchanga wa ujenzi hapo. Akanionyesha. Katikati ya lundo jekundu kulikuwa na doa la mchanga, si mweupe tena, rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake vipande vya simbi za baharini. Ainea aliinama akaokota kimoja, akacheka: “Kumbe kukhu alileta hata zawadi za beach?” Nikamwambia. Nilimweleza yote niliyoandika hapa, kwa ufupi zaidi na kwa hasira zaidi, nikiwa nimesimama, kwaya ikiimba. Nilipofika kwenye miguu ya yule mzee aligeuza uso. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: “Sasa hapa nimesimama karibu na mimi?” Nikamwambia umesimama karibu na mjomba wako, na wewe ni mtoto aliyesubiriwa mpaka yeye afike.

Alirudi kwenye kipaza sauti. Aliwaambia watu kwamba katika aliyoyasoma kuna kosa. “Kukhu hakwenda likizo,” alisema. “Alikwenda kunichukulia jina langu.” Hakueleza zaidi, na watu hawakuelewa, wakadhani ni majonzi. Jeneza likashushwa. Mchungaji wa sasa, mtu mpole, akatuita tutupe udongo kidogo kama ilivyo desturi, familia kwanza. Wengine walichukua ule mwekundu uliokuwa karibu. Ainea alizunguka lundo mpaka upande wa pili, akachota pale palipokuwa na doa. Ukampita katikati ya vidole kabla hajafika ukingoni. Akasimama akitazama kiganja kitupu. Kisha akarudi, akapiga magoti na suruali yake ya msiba, akauchota tena, mara hii kwa mikono miwili.